Kinyozi Aliyehesabu Treni

Hubert Lonneux hakuwa na bastola. Hakuwa na pasi saba za kusafiria wala ndevu za bandia, na ile habari kwamba alimbusu mke wa jenerali huku akimchomolea ramani ni maneno ya walevi. Hakuwa na lugha za watu. Kijerumani chake kiliishia kwenye "kaa hapa" na "geuza shingo". Hakuwa na baba, hakuwa na koti la maana la baridi, na upande wa kushoto hakuwa na magego mawili, jambo ambalo wasimulizi hawalitaji kamwe. Tangu Wajerumani walipompiga risasi, Ijumaa moja ya Machi mwaka 1917, kila baa ya mji wetu wa Liège ina Hubert wake. Yule wa kweli alikuwa kinyozi, na alipenda mara moja tu.

Alimwona Odile Marnette kwenye gulio la Jumapili kando ya mto Meuse, katika foleni ya viazi. Vita vilikuwa katika mwaka wa pili, na Wajerumani walikuwa wameuteka mji wetu. Watu walisongamana, wanawake wamejitanda shali mbili mbili, pumzi zikitoka kama moshi. Odile alikuwa mshona kofia, na njaa haikumzuia kujipamba: alivaa kofia ya kijani kibichi yenye utepe mweusi na unyoya mrefu wa jogoo. Alipogeuza kichwa, unyoya ukamchoma Hubert jichoni.

"Bibie, umenitoboa!"

"Jicho unalo jingine," alisema Odile bila kugeuka.

"Ndilo hilo ninalokutazamia."

Hapo akageuka. Akamtazama kutoka viatu mpaka kichwani, kisha akanusa. "Mbona unanukia kama bibi harusi? Siku hizi nani ana sabuni?"

"Kinyozi."

"Ahaa. Na unamnyoa nani? Wanaume wetu wako vitani."

Hubert akapangusa jicho lake. Aliwanyoa maofisa wa Kijerumani, na mji mzima ulijua hilo lina maana gani. Wafanyakazi wetu wa reli walikuwa wamekataa kuwatumikia Wajerumani hata saa moja, watoto wao wakilala na njaa. Mtu aliyewapaka wale maofisa povu mashavuni hakuwa mbali na msaliti.

"Namnyoa anayekaa kitini," alisema.

"Basi mimi nitasimama."

Lakini viazi viliisha kabla zamu yao haijafika. Wakarudi pamoja mikono mitupu, na walipofika darajani walikuwa wakicheka.

Simu za mjini Wajerumani walikuwa wamezikata. Kwa hiyo Hubert alimwita mpenzi wake kwa kusimama chini ya dirisha la duka la kofia na kukohoa.

"Una kifua kikuu?" Odile alichungulia.

"Nina Odile. Daktari anasema haiponi."

"Basi kafe huko, usije ukawaambukiza wateja!" Na tayari alikuwa akishuka ngazi, anafunga vifungo vya koti.

Mapenzi yao yalikuwa na mwiba mmoja tu. Wanawake wa dukani waliacha kumsalimu Odile kwa sababu ya kinyozi wake.

"Acha kuwanyoa wale watu, mpenzi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Niamini tu, Odile."

"Niamini, niamini! Kila siku wimbo huo huo."

Hubert alipanga chumba cha ghorofani kwa Shangazi Titine, mjane wa dereva wa treni. Dirisha lilitazama reli za kituo cha Guillemins, na hapo ndipo siri ilipokuwa. Yeye na bibi huyo walipokezana kukaa dirishani na kuhesabu treni za Wajerumani. Karatasi yenye maandishi ilikuwa kitanzi, kwa hiyo hawakuandika. Likipita behewa la askari, harage jeupe moja kwenye bakuli. La farasi, punje ya dengu. La mizinga, punje ya kahawa. Kila Jumamosi jioni alikuja mama muuza mifagio, akahesabu, akakariri, na habari ikavuka mpaka kwenda Uholanzi, na kutoka huko ikayafikia majeshi yaliyopigana na Wajerumani. Wajerumani wasingekipekua chumba cha kinyozi wao. Ndiyo maana Hubert aliwanyoa. Odile hakuambiwa neno. Asiyejua, hata akiteswa, hana la kusema.

Jumamosi moja ya Februari Odile alikuja asubuhi bila kutarajiwa. Hubert alikuwa kazini, Titine kwenye foleni ya mkate. Dirishani aliona bakuli tatu za chakula, katika mji uliokuwa ukila mizizi ya kulishia mifugo. Moyo wake ukalainika. Akasaga kahawa, akatia maharage na dengu chunguni pamoja na mfupa aliouomba buchani, akatandika meza.

Hubert aliingia na kusimama mlangoni. "Kinachonukia ni nini?"

"Supu, mvivu wewe! Umeweka akiba dirishani kama pambo. Kaa ule."

Hubert akatazama bakuli tupu. Uso ukamwisha damu. "Umefanya nini? Nani kakutuma kushika vitu vyangu? Nani?"

"Hubert... ni maharage."

"Toka! Hujui ulichoharibu!"

"Basi niambie."

Hubert akaenda dirishani. Akampa mgongo.

Odile alivua aproni polepole. "Wajerumani unawapaka povu kwa upole. Mimi unanifokea kwa maharage. Mama yangu hajala tangu jana, nami chakula hiki nilikipika kwanza kwa ajili yako. Kwaheri."

Wiki hiyo jeshi zima lilikuwa limepita Guillemins likielekea Ufaransa, na hesabu yake ilikuwa imechemka chunguni. Hubert aliona njia moja tu: treni zilizokwenda zimejaa lazima zirudi tupu. Akafunga duka, akakaa dirishani siku tatu akizihesabu zikirudi. Siku ya tatu ofisa mmoja aliyekwenda kunyolewa akakuta mlango umefungwa. Akaulizia kinyozi anakoishi, akapanda ngazi kumsuta. Alimkuta akiangusha harage bakulini, na chini behewa linapita; akaelewa, na jioni hiyo Hubert akalala gerezani.

Shangazi Titine, ambaye siku hiyo alikuwa kanisani, ndiye aliyemweleza Odile yote, wamejifungia chumba cha nyuma cha duka la kofia.

Odile akaketi sakafuni katikati ya vitambaa. "Nimemuua."

"Waliomkamata ni wao," Titine alisema. "Usiwabebee mzigo wao, mwanangu. Ameapa kwamba alikuwa peke yake, ndiyo maana mimi napumua. Tulikuficha ili uishi. Sasa ishi."

Hukumu ilitoka Jumatano moja ya Machi: kifo, alfajiri ya Ijumaa. Alhamisi asubuhi kasisi wa gereza akabisha mlango wa kina Marnette.

"Hawatakuruhusu kumwona," alisema. "Ameniagiza mambo mawili. La kwanza, alikufokea bila haki, na anaomba radhi."

"Yeye? Aniombe radhi mimi?"

"La pili ni swali. Anauliza kama utakubali kuwa mke wake. Anajua hapatakuwa na harusi. Anataka kulijua jibu tu. Lazima liandikwe, lipitie ofisini kwao."

Odile akanawa uso. Akavaa gauni lake la kijivu, akabana nywele, akaandika kwa kusimama.

Ofisini palikuwa na karani Mjerumani mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Barua za wafungwa zilipelekwa wazi, bila bahasha. Akaisoma, akaigeuza, akaitazama tena mbele.

*Hubert, ndiyo. Mkeo, Odile.*

"Umebakiza nafasi kubwa," alisema kwa Kifaransa kizito. "Watu huandika mpaka pembezoni."

"Aliniuliza jambo moja."

Karani akamtazama juu ya miwani. Akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye bahasha. Akaushika mshumaa wa lakiri karibu na moto mpaka ukadondosha tone jekundu, akakandamiza mhuri, akangoja likauke. Kisha akaitia kwenye mfuko wa gereza, akaufunga kamba, na tarishi akautupia begani, akashuka nao ngazi.