Mwandiko wa Bibi kwenye Daftari la Oratile

Huku kwetu mwanamke akishazaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Mma Kelebonye, yaani mama yake Kelebonye. Kelebonye mwenyewe nilimzika mwaka jana, mwezi wa kupanda mtama. Watu bado wananiita vilevile, dukani, bombani, kanisani. Nami naitika.

Aliniachia binti mmoja, Oratile, wa darasa la nne. Siku zake za mwisho aliniambia, "Mama, Oratile asiishie njiani kama mimi. Asome." Nikamwahidi.

Kwetu mtoto aliyefiwa na mama hagombezwi mpaka nguo za msiba zivuliwe. Ni mwaka mzima. Mimi nilivaa nyeusi, yeye akanyolewa nywele. Akirudi shule alitupa mkoba mlangoni, akajilaza mkekani na kutazama ukuta.

"Una kazi ya shule leo?"

"Sijui, Bibi."

Siku nyingine alianza kuandika huku redio inalia, tonge la ugali mkononi, mbuzi wanampitia. Mistari miwili tu, machozi yanamtoka.

Nikamwonea huruma. Shule ya msingi niliimaliza, hesabu za darasa la nne nazijua. Nikachukua penseli. "Lete hapa. Wewe lala."

Ikawa hivyo kila siku. Daftari likajaa alama za vyema. Nilizionea fahari kama zangu, na kweli zilikuwa zangu.

Kisha ukaja mtihani wa muhula. Oratile alipata tatu kati ya arobaini. Karatasi ilikuwa karibu nyeupe yote, kaandika majibu matatu tu. Ilikuja na barua: asipobadilika, atarudia darasa. Nilikaa kizingitini na barua mapajani. Niliona ahadi yangu kwa Kelebonye inavunjika, na nilikuwa nimeivunja kwa mkono wangu.

Ndipo Mma Thuso, jirani yangu, akaja kuazima ungo. Yeye hufundisha watu wazima kusoma pale kanisani. Akaisoma barua, kisha akafungua daftari.

"Mma Kelebonye, nani kaandika humu?"

"Oratile."

"Acha mchezo, mwenzangu! Hii saba yenye mkia ni ya wazee wa zamani. Watoto wa leo hawaandiki hivi."

Nikainama. "Ni mimi. Mtoto kafiwa. Ulitaka nimgombeze?"

"Nani kasema umgombeze? Hebu nijibu. Wewe mtu wa vitendawili. Ukimtegea kimoja akashindwa, unamwambia jibu?"

"Thubutu! Namwacha afikiri. Namuuliza, je, kina miguu? Kinakaa wapi? Mpaka akipate mwenyewe."

"Sasa mbona kwenye daftari unamwaga jibu lote?"

Nikalifunga daftari.

Akaketi, sauti ikashuka. "Akirudi, ale kwanza. Apumzike, acheze kidogo. Kisha akae mahali palepale, saa ileile, kila siku, jua likiwa bado lipo. Redio zima. Wewe kaa karibu na kazi yako, akuone. Akikwama, muulize kama kitendawili. Akishindwa kabisa, aache pengo, kesho amuulize mwalimu. Mwalimu akiona pengo, anajua pa kufundisha. Akiona mwandiko wako, atajua nini?"

"Na akilia?"

"Alie. Mfute machozi. Akitulia, aandike hata mstari mmoja."

Kesho yake niliweka kreti la mbao kwenye kivuli cha nyumba, na kigoda mbele yake. Mbuzi nikawafungia. Oratile alipokwisha kula na kuruka kamba, nikamwita.

"Mjukuu wangu, nimekukosea. Kuanzia leo penseli ni yako."

Akanisukumia daftari. "Andika wewe, Bibi. Unajua."

"Sijui."

"Muongo! Mama asingenifanyia hivi."

Neno hilo lilinichoma. Mkono wangu ulitaka ile penseli. Nikauingiza kwenye sinia la kunde, nikaanza kuchambua. Alilia. Nikamfuta. Kunde zikapungua, jua likashuka. Mwishowe akasema kwa hasira, "Saba mara sita."

"Tano mara sita unaijua?"

"Thelathini."

"Ongeza sita."

"Thelathini na sita."

"Sita tena."

Akahesabu kwa vidole. "Arobaini na mbili."

Hakutabasamu. Aliandika tu.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine aliandika mistari miwili, akaacha mapengo manne. Siku ya kuzaliwa mama yake hakuandika kitu, tukakaa tu kwenye kivuli, mimi na yeye. Lakini tulikaa saa ileile, mahali palepale. Baada ya wiki kadhaa nikawa simwiti tena. Alikuja mwenyewe na daftari lake. Mtihani uliofuata alipata kumi na tisa kati ya arobaini. Mwalimu akaandika: hatarudia darasa.

Nguo nyeusi bado sijavua. Jioni bado nzito nyumbani kwetu.

Jana mwalimu aliwaambia kila mmoja atunge kitendawili chake. Oratile aliandika amefunika daftari kwa mkono.

"Usichungulie, Bibi!"

Alipomaliza, akaniangalia. "Kitendawili."

"Tega."

"Huitwa kijijini kutwa, yeye haitiki, huitika mwingine."

Kunde nilizokuwa nachambua zikanimwagika. Jibu nililijua.

"Nipe jibu," nikasema.

"Sikupi. Fikiri."

"Ana miguu?"

"Alikuwa nayo," akasema polepole.

Mara sauti ikaja kutoka uani kwa jirani. "Mma Kelebonye! Mma Kelebonye wee! Njoo uchukue ungo wako!"

Tukatazamana, mimi na mjukuu wangu.

"Naam," nikaitika.

Oratile akafunga daftari. Akalitia kwenye mkoba pamoja na penseli, akautundika mkoba kwenye msumari, tayari kwa asubuhi. Kisha akapiga magoti, akanisaidia kuokota kunde.