Sala Iliyomtoka Elieshi

Asubuhi ile ya Jumatatu, mwaka 1956, Kariakoo ilikuwa imefurika watu, wapagazi wakipiga kelele za "Pisha! Pisha!", fundi wa simu alipoingia dukani kwa Sadalla, muuza vitambaa. Akamkuta Elieshi, binti aliyeuza dukani hapo, juu ya ngazi, kakumbatia jora la poplini.

"Dada, shuka taratibu. Nimekuja kufunga simu, sikuja kudaka mtu."

"Nani kakwambia nitaanguka?" Elieshi alijibu, akijibana asicheke.

Fundi huyo, Eliakimu, alikuwa kijana mrefu, kaptula yake ya kaki imenyooka kwa pasi. Akamaliza kazi, akaenda zake. Baada ya nusu saa simu ikalia. Elieshi akaipokea.

"Haloo? Najaribu laini tu."

"Laini ni nzima."

"Basi kesho nitaijaribu tena."

Akaijaribu kila siku, mwezi mzima! Jioni walitembea Mnazi Mmoja, Elieshi katika gauni la maua na viatu vyeupe, Eliakimu akimwita "malaika wangu wa poplini."

Kasoro ilikuwa moja. Elieshi alikuwa binti wa mzee wa kanisa. Hakukosa ibada, aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sala zote za kitabuni alizijua kwa ghibu. Eliakimu alionekana kanisani mara moja moja, tena benchi la nyuma. Baba mtu alikwisha kusema: asiyeshika ibada hatapewa binti yake.

"Jumapili huwa unakwenda wapi?" Elieshi alimuuliza.

"Jangwani, kwa rafiki. Nitakupeleka siku moja, mpenzi."

Kabla siku hiyo haijafika, Agnesi wa kwaya alimnong'oneza: "Rafiki mwenyewe anaitwa Angelina! Nimemwona Eliakimu akitoka kwake, anacheka peke yake."

Kesho yake simu ikalia.

"Haloo, malaika..."

"Malaika yuko Jangwani, mpigie yeye!" Elieshi akaibwaga simu, Sadalla akaruka kitini.

Jumapili iliyofuata, mahubiri hayajaanza, Elieshi alichomoka kanisani na joho lake jeupe la kwaya, akateremka Jangwani akikanyaga matope. Akaulizia nyumba, akausukuma mlango.

Eliakimu alikuwa kwenye kigoda, Biblia mapajani, anasoma kwa sauti. Kitandani alilala bibi kizee, kipofu, miguu imekufa ganzi.

"Nani huyo anayehema hivyo?" bibi akauliza.

"Shi... shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye yule wa simu, Eliakimu? Karibu, mama. Mimi Angelina. Mwaka wa tatu huu sijafika kanisani, na kanisa nalo halijafika kwangu, ila huyu. Haya, mwimbaji, niombee."

Elieshi akafumba macho. "Ee Mungu Baba Mwenyezi, uliyeziumba mbingu na..."

"Hiyo ya kitabuni naijua," bibi akamkatiza kwa upole. "Wewe mwenyewe una neno gani naye?"

Elieshi akatafuta. Miaka ishirini na miwili ya ibada, na hakuwa na neno hata moja lililo lake! Eliakimu aliinamisha kichwa, hakumsaidia.

Mara likamtoka, sauti ikikatika: "Bwana, nimekuja hapa kwa wivu. Nilitaka kumkuta mwanamke nimrarue. Nisamehe. Sijui kuomba. Nifundishe."

Bibi akapiga makofi. "Amina! Hiyo kaisikia!"

Wakacheka wote watatu, Elieshi machozi yakimtiririka, moyo mwepesi kama aliyetua mzigo. Akakunja mikono ya joho, akaenda bombani kumchotea bibi maji. Eliakimu akamfuata, akampokea ndoo.

"Baba yako akiniuliza habari za Jumapili zangu, nimjibu nini?"

"Mwambie tutasali naye asubuhi, kisha tunakuja huku wote wawili."

"Wote wawili? Elieshi, ina maana unakubali nikuoe?"

"Nakubali, Eliakimu! Nakubali!"

Alipaza sauti mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakageuka, na mmoja wao akapiga kigelegele, bila kujua ni cha nini.