Maneno ya Bibi Ngollo

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kusonga ugali, na kuandika maneno ya watu wengine. Hiyo ya tatu niliichukia.

Mama yangu, Mchungaji Tekla, alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya theolojia ya huduma. Uchungaji alikuwa nao tayari, mwaka wa tisa sasa, hapa Ipuli. Masomo haya yalikuwa ya kumfundisha aufanye vizuri zaidi: kukaa na wagonjwa, kuwafariji wafiwa, kusikiliza. Kusikiliza! Kila baada ya miezi mitatu alikwenda chuoni wiki nzima, na akiwa nyumbani kichwa chake kilikuwa kwenye vitabu. Mimi nani alinisikiliza?

Utafiti wake ulihusu wafiwa wa kanisa letu. Waliulizwa kanisa liliwatendea nini wakati wa msiba. Ili watu wasimwonee haya, Mwinjilisti Mathias ndiye aliyewahoji na kuwarekodi kwa simu ya mama. Mimi, kwa ruhusa yao, niliandika daftarini neno kwa neno. Kisha mama alimpelekea kila mtu maneno yake na kumsomea, athibitishe kwamba ndivyo alivyosema. Bila hivyo, chuo kisingeyapokea.

Jumatano niliifungua rekodi ya sauti ya Bibi Ngollo wa mtaa wa Ng'ambo. Mumewe, Mzee Sayi, alipiga kengele ya kanisa letu miaka ishirini na miwili.

"Alipokufa, kengele haikupigwa hata mara moja," sauti ilifoka. "Mchungaji alikuwa kwenye masomo yake. Haya, masomo. Lakini alirudi, nikamwona akipita hapo barabarani na vitabu kwapani. Hakuingia! Wiki sita! Huyo anasomea nini?"

Nilifura kwa hasira. Mimi kumlalamikia mama yangu ni sawa, lakini huyu bibi ni nani? Nikaikamata kalamu nikaandika: "Kanisa lilinifariji vizuri. Mchungaji alikuwa safarini, lakini alitukumbuka kwa salamu." Nikalifunga daftari kwa kishindo.

Jumamosi asubuhi mama alinichukua tukaenda Ng'ambo. Bibi Ngollo alikuwa uani akimenya viazi vitamu vya kukatakata na kukausha viwe michembe.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba." Hakuniangalia.

Mama akaanza kusoma. Alipofika kwenye zile salamu, kisu kikasimama.

"Rudia hapo."

Mama akarudia.

"Nani kasema hayo?"

"Ni wewe, bibi. Yamo humu."

"Mimi?" Bibi Ngollo alitupa kiazi kwenye beseni, maji yakaturukia. "Mathias alikaa hapohapo ulipokaa wewe. Niliongea mpaka koo likakauka! Leo unaniletea maneno ya mtu ambaye hajafiwa?"

Mama alinigeukia. Sikuweza kumtazama. Akatoa simu mfukoni, akaitafuta ile sauti, akaisikiliza yote mbele yetu mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika.

"Advera! Umefanya nini?"

"Nilikuwa nakutetea, mama."

"Kunitetea? Nimetumia miaka miwili kujifunza kusikiliza, wewe umeniziba masikio! Ningepeleka uongo chuoni, wenye jina la bibi huyu!"

"Na wewe usimfokee mtoto peke yake," Bibi Ngollo alidakia. "Nani aliyemfundisha kwamba mchungaji haambiwi ukweli?"

Mama akashuka kwenye kiti, akakaa chini mkekani.

"Nisamehe, bibi. Nilirudi siku ya tano baada ya maziko. Nilikuwa na insha ya kukabidhi chuoni, nikasema niimalize kwanza. Halafu siku zikapita, nikaona haya kuja."

"Insha ya nini?"

"Ya kuwafariji wafiwa."

Bibi Ngollo aliweka kisu chini. "Ulipata ngapi?"

"Themanini na moja kwa mia."

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu kwa ajili ya mama, na kwa ajili yangu.

"Binti, lete kalamu," bibi aliniambia. "Andika upya, hapahapa, nikikuona. Ukifika kwenye kosa la mama yako, usiruke."

Nikaandika. Sikuruka neno. Nilipomaliza, mama alimsomea bibi yote kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa.

"Sasa hayo ni yangu," alisema. "Sikia, mjukuu wangu. Uliona unamsaidia mama yako. Kumbe ulimnyima dawa kwa sababu ni chungu. Na mimi ulininyang'anya hasira yangu, nami sikuwa na kitu kingine cha kumpa Sayi, maana hata kengele hakupigiwa. Ukipewa maneno ya mtu, yafikishe kama yalivyo, hata kama yanakuchoma wewe."

"Nisamehe, bibi," nilisema.

"Nitakusamehe. Nendeni kwanza mkapige hiyo kengele."

Jumapili, kabla ya ibada, mama mwenyewe alishika kamba na kuipiga kengele mara ishirini na mbili, akilitaja jina la Mzee Sayi mbele ya watu wote. Bibi Ngollo alifika. Mlangoni alimwambia mama kwamba hasira bado anayo, kisha akaingia akakaa mstari wa mbele.