Plagi Nyekundu Iliyokula Vidole vya Chepkemoi

Mimi ni mama wa miaka sabini na minne. Shule niliacha darasa la tatu, siku baba aliposema ng'ombe hawawezi kujichunga. Kwa hivyo mkiona mwandiko wangu unapinda, nisameheni. Miwani yangu nasahau nilipoiweka kila siku, lakini jina la mtu mimi sisahau!

Na majina nitayataja. Jamaa zangu hawataki. Wananiambia, "Kogo," yaani nyanya, "kama ni lazima uandike, andika tu 'mtu fulani'." Mtu fulani? Kwani ni fulani aliyekatwa vidole?

Naishi juu kidogo ya Kiptere. Marehemu mume wangu aliniachia ekari mbili za majani chai, ng'ombe wanne, na msichana wetu wa mwisho, Chepkemoi. Yeye ameolewa Merigi na Kipng'etich, lakini majani yakiwa mengi alikuwa anakuja kunisaidia kuchuna. Ungemwona akichuna! Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya chai bila yeye kuangalia, huku anaongea na anacheka. Sikuwahi kuona mkono mwepesi kama ule.

Halafu kulikuwa na Wesley. Wesley ni mtoto wa dada yangu Tapsubei. Tapsubei alikufa Wesley akiwa na miaka minne, nikambeba mgongoni mwangu na kumlea. Kwa mdomo wake mimi ni "Mama", si jina lingine. Alipotaka kusomea stima kule Kericho, niliuza mtamba wangu wa pekee, nikampeleka. Nilijivunia! Nani mwingine hapa kwetu alikuwa na fundi wa stima wa kuzaliwa nyumbani?

Laini kubwa ya stima, ile ya fezi tatu, ilipopita barabarani ikienda kituo cha maziwa, nilinunua mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe. Majirani wakawa wanaleta nyasi yao ya nepia tunawakatia. Wesley ndiye alifunga kila kitu. Kwa ukuta, chini ya paa, aliweka soketi kubwa nyekundu yenye kifuniko. Kwa waya ya mashine akaweka plagi nyekundu, nene kama mkono wa mtoto, yenye pini tano na ringi ya kuzungusha mpaka ikaze. Juu ya soketi kulikuwa na swichi inayojizima yenyewe stima ikivuja. Alinionyesha, akaniambia ile swichi ni mlinzi.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na shida... Sasa sikilizeni kosa langu, maana nalo nitalitaja.

Nyinyi mnajua mvua ya kwetu. Saa nane mchana ipo, umeanika ama hujaanika. Mimi nikaona ile plagi inalowa. Nikachukua aproni ya plastiki, ile tunayofunga kiunoni tukienda kuchuna, nikaifunga juu ya plagi na soketi, nikazungusha kamba mara tatu. Nikaona nimefanya kazi ya maana! Chai nzima ya Kericho inachunwa na watu waliojifunga plastiki, kwa nini plagi isivae?

Baada ya hapo swichi ikaanza kujizima. Asubuhi, pap! Unawasha, pap! Majirani wamesimama na nepia mgongoni, ng'ombe wanalia, mashine haiendi. Nikamwita Wesley. Akaja, akapanguza, akaenda. Kesho yake, pap!

Nikamsumbua. Ni mimi, sikatai. Nikamwambia mbele ya watu, "Wesley, nilikusomesha uje kunishindwa na kitu cha ukutani? Fanya hiyo swichi iache kelele!" Watu wakamcheka. Aliona haya, nilimwona.

Siku hiyo alikaa pale saa moja nzima. Akamaliza, akasema, "Sasa haitakusumbua tena, Mama." Na kweli haikutusumbua. Nikamchinjia jogoo... Jogoo mzima!

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumanne, Chepkemoi alikuwa analisha mashine nepia. Mimi nilikuwa kwa mlango wa jikoni. Aliweka mkono wa kulia kwa chuma cha mashine kukiinua, na hakuutoa. Nilidhani anacheza. Mdomo ulikuwa wazi lakini sauti haikutoka. Mkono ulikuwa umeshika chuma, hauachii! Jirani yangu Bot Kiprono, yaani mama Kiprono, ndiye alikimbia akazima swichi kubwa ya nyumba. Mungu ambariki Bot Kiprono mpaka leo. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Hospitalini waliokoa mtoto wangu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia hawakuviokoa.

Ndugu wasomaji, msichana wa chai bila vidole! Mnaelewa?

Wesley alifika hospitalini kabla ya jioni. Alilia kuliko sisi wote. Halafu akamwita Kipng'etich kando, akamwambia ni mimi. Kwamba mimi huwa nashika plagi na mikono yenye maji, naivuta kwa waya, nimeifunga plastiki bila kumuuliza. Kwamba alikuwa amenionya. Hakuwa amenionya hata siku moja!

Kipng'etich akamwambia mke wake. Chepkemoi akageuza uso akaangalia ukuta. Alipotoka hospitalini alipelekwa Merigi, na kwa miezi mitano sikusikia sauti yake. Nikipiga simu, inashikwa na watoto, "Kogo, mama amelala." Kila siku amelala?

Kanisani nikawa yule mama aliyechoma mtoto wake. Na ubaya ni huu... niliamini! Nilikaa kwa kiti nikaangalia mikono yangu nikasema, ni hii. Chai ikaota mpaka ikawa miti.

Kilichoniamsha ni Wesley mwenyewe. Alikuja akasema, "Mama, ile plagi nipe nikaitupe, isikukumbushe." Nikasema sawa, nikasahau. Akarudi wiki ile ile kuiuliza. Nikaona ajabu. Akarudi mara ya tatu, hata chai hakunywa, macho yanatembea ghalani. Nikajiuliza, mtu mzima anafuata plagi iliyoungua ya nini?

Baada ya ajali nilikuwa nimeikata na waya yake nikaificha ghalani chini ya mahindi, nisiione. Nikaitia kwa kiondo, nikashuka Kiptere kwa Mzee Karanja. Mzee Karanja ni mtu wa kutoka Nyeri, alikuwa fundi wa stima kwa kiwanda cha majani chai mpaka akastaafu, sasa anatengeneza mota sokoni. Ana mdomo, lakini ana mikono.

Nikamwambia kila kitu, mpaka aproni. Akacheka.

"Mama Chepkemoi, uliivalisha koti la mvua! Na jasho litoke wapi?"

Akanieleza kwamba hizo plagi zimetengenezwa kustahimili mvua, bora kifuniko kiwe na mpira wake na ringi ikazwe mpaka mwisho. Plastiki yangu ilifungia unyevu ndani. Swichi ilikuwa inajizima kwa sababu iliona stima inavuja. Ilikuwa inafanya kazi yake!

Halafu akafungua plagi na bisibisi. Akaisogeza kwa mwanga.

"Ona hii," akasema. Kulikuwa na waya ya kijani na manjano. Akaniambia hiyo ndiyo inapeleka stima ardhini ikipotea njia, badala ya kupitia kwa mtu. Ilikuwa imekatwa na kisu, kata safi, ikakunjwa ndani. Na mwisho wake ulio wazi, mashine ikitetemeka siku baada ya siku, ulikuwa umesogea ukagusa skrubu ya waya yenye moto, ile inayoleta stima. Kwa hivyo ile waya ya kuokoa watu ndiyo ilipeleka stima kwa chuma cha mashine.

"Na swichi?" nikauliza. "Mbona haikujizima?"

Tulipanda naye nyumbani. Akafungua sanduku la ukutani. Wesley alikuwa ameiruka swichi kwa kipande cha waya, stima ipite pembeni yake. Ilikuwa imekaa pale kama picha.

Ndiyo maana haikutusumbua tena! Nilikaa chini kwa nyasi. Mtoto niliyembeba... Alijua. Siku anamwita Kipng'etich kando hospitalini, alijua!

Nilimwita nyumbani. Nikaweka plagi kwa meza, imefunguliwa. Alipiga magoti akakiri. Ningemsamehe palepale, Mungu ananiona. Lakini akasema, "Mama, usiseme. Chama chenu cha wafugaji kimenipa kazi ya mtambo mpya wa kupoza maziwa. Soketi zote ni mimi nafunga."

Nikamwambia aende kwanza Merigi amwambie Chepkemoi ukweli. Hakwenda. Alienda kwa shemeji yangu, Arap Tonui, na Arap Tonui akaja na wazee wawili wa kokwet, baraza la kijiji, wakanywa mursik yangu, maziwa ya kibuyu, wakapanguza midomo.

"Bot Chepkemoi," akasema, "huyu ni damu yako. Mambo ya nyumbani tunamalizia nyumbani. Unataka tuanike aibu sokoni?"

"Na Chepkemoi ni damu ya nani, Arap Tonui? Tulimwokota?"

"Wewe pia ulifunga plastiki. Utajiaibisha."

"Nitajiaibisha," nikasema. "Maliza mursik uende."

Siku ya mkutano wa chama nilivaa rinda langu la kanisa. Wesley alikuwa pale mbele na soketi zake mpya kwa kartoni. Nikasimama kabla ya maombi kuisha. Nikatoa plagi kwa kiondo, nikaipitisha kwa mikono ya wote, kwa Bot Kiprono, kwa Tabitha Chelangat, kwa Mama Njeri, kwa Esther Tabutany. Nikawaambia, "Aproni niliifunga mimi. Kelele za kutaka swichi inyamaze nilipiga mimi. Waya alikata Wesley, na uongo alisema Wesley. Kesho nyinyi mtashika mtambo huu na mikono yenye maziwa. Mchague."

Wesley alitoka, akaacha kartoni.

Kazi ilienda kwa Mzee Karanja. Wesley hajakanyaga kwangu tena, na Arap Tonui tukikutana anaangalia ng'ombe. Wengine wananiambia nimepoteza mtoto kwa sababu ya mdomo. Wacha waseme! Mlango wangu uko wazi na Wesley anajua kinachohitajika, ni barabara ya Merigi tu.

Mimi niliipita mwenyewe. Chepkemoi aliangalia ile plagi muda mrefu, akaigusa na vile vidole viwili vilivyobaki. Akasema, "Mama, nenda nyumbani. Nakuja majani yakiwa mengi." Na alikuja! Anachuna na mkono wa kushoto, polepole, na anaongea njia yote.

Wenzangu, nawaomba. Mashine ikijizima, usiitukane, na usimwaibishe fundi mpaka aizibe mdomo. Uliza kwa nini. Zima kabla ya kuchomoa, shika plagi usivute waya, kaza ringi, na kama pini zimekuwa nyeusi, usitumie. Na mtu wako akikosa, hata kama ulimbeba mgongoni, usimfichie kosa ambalo litaua mtoto wa mwingine.

Kwetu siku hizi kila Jumatatu tunazima swichi kubwa, tunachomoa plagi mpya aliyofunga Mzee Karanja, tunakaa kwa benchi tuifungue. Chepkemoi anaishikilia, mimi nina bisibisi na miwani, kama nimeipata.

"Ya kijani iko?" ananiuliza.

"Iko."

"Imekaza?"

Nazungusha tena, hata kama najua. "Imekaza."

Ndipo tunawasha.