Jina la Kisyeri Kwenye Seva ya Nkende

Kilichoanza ni harufu: chuma kilicholowa mvua, ndani ya ofisi ya mtandao pale Nkende, na nje jua linachoma. Elieth, fundi wa zamu, akaenda kuangalia kioo cha seva. Kulikuwa na jina ambalo hakuna mtu aliyeliandika.

Kazi ya seva ile ni kupokea nakala ya majina kutoka seva kubwa ya Mugumu, majina yanayouonyesha ujumbe pa kwenda: shule, maduka, zahanati. Sasa katikati yao limekaa jina lenye mikwaju, vile vistari vya kulala upande, na tarakimu zisizosomeka, na seva ikikuta kosa kama hilo inaitupa nakala nzima. Nakala ya zamani ilikuwa karibu kuisha muda. Ikiisha, zahanati ya Matongo wakibonyeza kuita gari la wagonjwa, ujumbe haufiki popote. Simu nazo zilikatika tangu asubuhi. Na Matongo ndiko alikolazwa wifi yake, Neema, na uchungu wa mimba ya kwanza.

Elieth akaingia seva ya Mugumu, akalifuta lile jina. Likarudi. Akafuta tena, likarudi refu zaidi. Akaondoa mikwaju na tarakimu zote, akasoma kilichobaki: kisyeri bado yuko juu.

"Bosi," akanong'ona. "Njoo usome."

Godwin akasoma. Na huyu Godwin msiniambie nimhurumie! Ndiye aliyempandisha Kisyeri, kaka yake Elieth, kwenye mnara siku ya mvua, bila mkanda wa usalama, eti wateja wanalalamika. Kisyeri akaanguka, akafa. Baada ya matanga Godwin akanunua seva hii mpya akaipa jina la marehemu, eti kumuenzi. Mkurya mzima hajui kwamba jina la marehemu anapewa mtoto, na wazee ndio wanaolitoa? Ukiliita, mwenyewe anakuja. Yeye kaliitia kwenye bati la umeme, bila hata kumwambia mama mtu.

"Ni alama tu hizo," Godwin akasema kwa sauti ndogo. "Zima, uwashe."

Elieth akachomoa waya. Feni za seva hazikusimama, ziliendelea kuzunguka bila umeme, na juu ya dari kitu kikaanza kupanda polepole, kama mtu mwenye viatu vilivyolowa kwenye ngazi ya chuma, kikapanda mpaka pale paa linapoishia na bado kikaendelea kupanda, na harufu ya mvua ikawajaa kooni mpaka Godwin akaingia chini ya meza akilia.

Elieth hakulia. Alipandwa na hasira.

"Wewe Kisyeri! Unamkomoa nani? Mwenye kosa huyu hapa chini ya meza! Neema yuko Matongo na mtoto wako tumboni, na wewe ndiye umemfungia njia! Shuka, mjinga wewe!"

Juu pakanyamaza. Seva ikawaka yenyewe, majina yakaingia yote, na jioni hiyo gari la wagonjwa likamfikisha Neema hospitali.

Mtoto wa kiume. Alilia bila kukoma, wazee wakimtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, mpaka walipomtaja Kisyeri akatulia.

Godwin naye akaja, na kanga na sabuni. "Hongera, mama," akamwambia Neema, akamnyooshea mtoto kidole. Mtoto akakishika. Godwin akavuta, hakikutoka. Akavuta kwa nguvu, jasho likamtoka.

"Elieth," akanong'ona, "mwambie aniachie."

Elieth alishaisikia ile harufu ya chuma.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Anza na ule mkanda."