Mahari ya Irine

Kila siku Irine alitoka nyumbani kwao Nyakahura umande haujakauka, akatembea saa mbili hadi shule ya sekondari, na jioni akarudi kwa miguu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu baba yake, Mzee Fideli, amwoe Nyirabahizi mwaka jana, msichana huyu aliingia nyumbani amenuna na kutoka amenuna.

Shuleni alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na kichekesho chake kikubwa kilikuwa huyo mama wa kambo, aliyechanganya l na r. "Irine, njoo kura, harafu ukarare," alimwigiza, na wenzake wakashika mbavu. Kijijini wanaochanganya hivyo ni wengi, lakini yeye alimsikia huyo mmoja tu.

Alhamisi moja alimkuta Nyirabahizi nyuma ya jiko, anamenya mihogo huku simu ameibana begani.

"Asante sana, dada. Kwa hiyo mahari ya Irine imepatikana? Baba yake atafurahi. Godoro ninaro. Jumapiri namreta mwenyewe."

Mahari, godoro, Jumapili. Kumbe anaozeshwa, na masomo ndiyo basi tena. Hakuuliza neno. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa malezi, Madam Deodata, akamwaga yote huku akilia.

Madam Deodata hakuwa mtu wa kupuuza jambo kama hilo. Mchana huohuo aliwasha pikipiki yake, akampakia Irine, wakaenda Nyakahura. Walimkuta Mzee Fideli anaanika maharage uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kuhusu mahari."

Mzee Fideli akatupa jicho upande wa jikoni, akashusha sauti. "Mahari nilishamaliza, mwalimu. Kwani wakwe wamekuja kulalamika kwako?"

"Si ya mke wako, mzee. Ni ya Irine."

Nyirabahizi akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, anatabasamu. "Mwarimu ameshapata habari? Ni kweri, mahari ya Irine ninayo. Nimeitafuta tangu Januari."

"Iko wapi?" mwalimu akauliza, uso umekunjamana.

"Iko hosteri, pare njia panda ya shure. Kitanda cha juu, kando ya dirisha. Kuna msichana amehama."

Kuku akapita juu ya maharage na hakuna aliyemfukuza.

"Mahali," Madam Deodata akasema polepole. "Ni mahali."

"Ndiyo," Nyirabahizi akajibu, "mahari."

Mwalimu akaangua kicheko. Mzee Fideli alipoelezwa, akacheka mpaka akakalia gunia. Irine peke yake hakucheka. Aibu ilimshika hasa.

"Nilidhani mnaniozesha," alisema. "Na shuleni huwa nakuigiza unavyosema. Nisamehe, mama."

Nyirabahizi akamwekea mkono begani. "Nirijua. Watoto wa jirani wariniambia. Mimi mwenyewe niriishia darasa ra nne, shure irikuwa mbari. Ndiyo maana ukicherewa jioni nasimama barabarani hadi nikuone."

Irine akamwangukia kifuani, akalia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo nyumbani hapo kwa muda mrefu.

"Sikiliza, Irine," Madam Deodata akasema. "Kuja kwangu ulifanya vizuri. Msichana akiogopa kuozeshwa, aseme upesi. Lakini mwaka mzima umemsikiliza mama yako ili upate cha kucheka, na siku ulipotakiwa kumwelewa hukuweza. Mtu unayeishi naye, ukiumizwa na neno lake, muulize yeye kwanza."

"Nitauliza, madam."

"Sasa na mahari yenyewe, ile ya kweli?" Mzee Fideli akatania, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Hiyo ingoje," mke wake akajibu, mkono wake ungali begani mwa Irine. "Amarize chuo kwanza. Siku hiyo atatuambia yeye mwenyewe, na mimi nitauriza mara mbiri kabra ya kuria."