Alichosema Mwanamke wa Kisimani

Jumamosi ya gulio, stendi ya Ngara mjini hakuna anayemsikia mwenzake. Wapiga debe wanaita abiria wa Rulenge, wauza dagaa wanaita wateja, na juu ya makelele yote hayo, kwa spika mbili zilizofungwa juu ya mlango wa banda la video, Kazimili anawasemea watu waliokufa zamani. Ndiyo kazi yake. Muvi inacheza kwa Kihindi au Kichina, yeye kashika maiki, anatafsiri kwa Kiswahili: sauti nzito akiwa baba mkwe, sauti nyembamba akiwa bibi harusi. Kihindi chenyewe alichokijua hakikuzidi maneno arobaini. Yaliyobaki alijaza. Watu walijua anajaza, na kwa kujaza huko ndiko walikompendea.

Siku hiyo aliingia msichana mmoja katikati ya mapigano ya muvi, akasimama mbele ya meza yake bila kujali kwamba anawaziba waliokaa. Gauni la kitenge cha kijani, mikono imefutuka mabegani, viatu vyekundu vilivyokwisha kuliwa na vumbi. Anaitwa Irakoze, anachapa barua na kutoa kopi kwenye duka la mbele ya halmashauri.

"Habari za kazi, kaka. Una muvi ya zamani?"

"Ya zamani ya lini, dada? Mwaka jana?"

"Ya zamani kweli. Isiyo na rangi."

Kazimili aliweka maiki chini. Alikuwa na makasha manne ya filamu zisizo na rangi chumba cha nyuma, kayakusanya Mwanza na Kampala kwa miaka tisa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuziulizia.

"Tafsiri wewe!" mtu mmoja alipiga kelele toka kwenye benchi. "Jambazi anasema nini?"

"Anasema subirini!" alijibu Kazimili, watu wakaangua kicheko. Akamgeukia Irakoze na kuvua kofia yake ya pama. "Nieleze hiyo muvi."

"Kuna mwanamke anachota maji kisimani. Ana mtoto mchanga. Marehemu baba alikuwa na kanda yake kule Rulenge. Tuliiangalia kila Krismasi, mpaka deki ikaitafuna."

"Mwanamke wa Kisimani."

"Ndivyo inavyoitwa?"

"Ndivyo ninavyoiita mimi. Jina lake limeandikwa kwa herufi zao, nani atalisoma? Njoo kesho baada ya misa. Ukilia, leso ni juu yangu."

"Na usipoipata?"

"Nitakupa ng'ombe. Si ndivyo mnavyotujua sisi Wasukuma?"

Irakoze alicheka bila kutaka. Kesho yake alikwenda, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Walikaa chumba cha nyuma, mlango wazi ili watu wasiseme, wakala mahindi ya kuchoma huku wakitazama wapenzi wa zamani wakifichana nyuma ya miti. Kazimili alijua kila filamu: nani aliipiga picha, kwa nini kivuli kimelala pale, kwa nini yule baba hageuki. Hakuwa tapeli katika hilo. Alizipenda filamu zile kama watu wengine wanavyopenda ndugu zao.

Na simu zikaanza, Kazimili akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Sauti haishibishi, Kazimili. Tafuta ugali."

"Ukija kuusonga wewe nitaushiba."

"Mwone! Mwanamume anayejua kulia kwa sauti ya bibi harusi ashindwe kusonga ugali?"

Ilikuwa Jumapili ya mvua walipoirudia Mwanamke wa Kisimani. Kuna mahali mwanamke anamlaza mtoto kitandani, anamfunika blanketi, anabaki kumtazama muda mrefu. Irakoze alianza kulia, na alipoanza hakuweza kunyamaza. Akasema lile ambalo kwa miaka tisa hakumwambia hata padri: kwamba mdogo wake Iteka si mdogo wake. Alimzaa yeye, akiwa kidato cha tatu. Walimficha na mimba yake kwa shangazi huko Keza, na mama yake Speciosa, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, alijifunga blanketi tumboni miezi minne, akawa anakwenda nalo misani, mpaka siku aliyotoka Keza na mtoto mgongoni.

"Ananiita dada," alisema. "Kila anaponiita nakufa kidogo, halafu naitika."

Kazimili alilia naye. Yale machozi yalikuwa ya kweli, naomba msomaji ayakumbuke, kwa maana mengi yanayofuata si ya kweli.

Kwaresima ile Kazimili alijifungia na kuitafsiri Mwanamke wa Kisimani upya. Hakuwahi kutafsiri vile. Alipofika pale kitandani, maneno yalimjia yenyewe, akayasema kwa sauti nyembamba inayotetemeka, na alipomaliza alikuwa jasho tupu. Akairusha kwenye flashi. Pasaka ilipofika, bodaboda walikwisha kuifikisha Rulenge, Keza hadi Murukulazo, na wanawake walikuwa wakiazimana flashi ili walie kwa zamu. Alitaka kumshtukiza mpenzi wake kwa zawadi. Mjinga yule aliita zawadi.

Jumanne baada ya Pasaka simu ya Irakoze ililia kazini.

"Shikamoo mama."

"Hiyo shikamoo kaa nayo. Natoka saluni kwa Joan. Wanaangalia muvi ya bwana yako. Mle ndani kuna mwanamke wa Kihindi anasema mama yake alijifunga blanketi tumboni miezi minne akawa anakwenda nalo ibadani. Saluni nzima ikanigeukia mimi."

"Mawe!"

"Usiniite mama! Ulimwambia?"

Irakoze alikata simu. Alivuka barabara bila kutazama magari, akaingia bandani, watazamaji wakiwa bado hawajafika, akachomoa waya wa spika.

"Umeniuza, Kazimili. Kwa watu wa Rulenge wote. Mtoto wangu anasoma pale!"

Kazimili alimwona uso, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichofanya. Angepiga magoti hapo hapo. Angesema nimekosa. Mtu mzima anajua kwamba kosa likisemwa mapema huwa na mwisho. Lakini aliogopa kumpoteza, na mwoga akiwa na ulimi mwepesi ni balaa.

"Mayu, hayo ni maneno ya muvi."

"Usinifanye mtoto."

"Ni maneno yake yule mama! Njoo uone." Aliisogeza filamu mpaka pale kitandani. "Blanketi si hilo hapo? Nimelileta mimi? Sikiliza anavyoimba, huyu analitaja kabisa. Unadhani siku ile kwa nini nililia? Kwa sababu nilikwisha kuyasikia humu. Nilidhani nimeota."

Kwenye kioo, yule mwanamke alikuwa akimfunika mtoto wake. Blanketi lilikuwepo. Midomo ilikuwa ikicheza. Irakoze hakujua neno hata moja la lugha ile, na alitaka sana iwe hivyo. Aliketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa begani kwa mtu aliyemponza.

Jumapili alikwenda Rulenge. Speciosa hakumpa kiti.

"Mama, ni muvi. Ilikuwa hivyo tangu zamani, hata baba alikuwa nayo."

"Apa."

Irakoze alivua rozari shingoni kwa mama yake, akaishika kwa mikono miwili. "Naapa kwa rozari hii, Kazimili hakutusema. Ni maneno ya Mhindi."

Speciosa alimwamini, kwa sababu hakuwahi kumlea mwanawe kuapa uongo. Alhamisi yake alisimama kwenye jumuiya, mbele ya kina mama waliokuwa wakimng'ong'a, akasema wazi kwamba mwanawe ameapa, yale ni mambo ya sinema, na mwenye la kusema aseme sasa. Mwezi wa saba Kazimili alikwenda Rulenge kujitambulisha, akiwa na mjomba wake, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, madumu mawili ya rubisi, pombe ya ndizi, kwenye pikipiki ya nyuma. Alimvika Irakoze pete mbele ya wazee. Iteka alipiga makofi kuliko wote, akauliza kama shemeji atamwonyesha muvi za katuni.

Mwezi wa tisa Irakoze alitoa kopi mia mbili za tangazo dukani kwake. Lilisema kuna tamasha la filamu za zamani Biharamulo, siku tatu, ukumbini, mchana, bure. Filamu zilizosafishwa upya zikang'aa, zenye maandishi ya Kiswahili chini. Ya pili kwenye orodha iliwekewa picha: mwanamke, kisima, ndoo. Alikaribia kuruka.

Hakumwambia kitu. Aliomba ruhusa ya siku moja, akashona gauni jipya la rangi ya maziwa, akamwambia Kazimili wanakwenda Biharamulo kumwona rafiki yake aliyejifungua. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake. Walipofika mlangoni pa ukumbi, Kazimili aliona tangazo.

"Twende zetu, mayu."

"Twende wapi? Ni zawadi yako! Utaiona kubwa, ukuta mzima."

"Kichwa kinaniuma."

"Kitapoa ndani, kuna feni."

"Wale wanaoandika Kiswahili cha chini huwa hawajui kitu. Wanaharibu."

"Basi utanikosolea sikioni. Kaa."

Taa zilizimwa. Filamu ile, iliyokuwa na mikwaruzo na ukungu kwenye kioo cha chumba cha nyuma, ilitoka safi mpaka matone ya maji yakahesabika kwenye ndoo. Irakoze alimshika Kazimili mkono. Mwanamke alimlaza mtoto, akavuta blanketi, akafungua mdomo, akaimba. Chini yake yakaja maandishi meupe:

*Mvua imenyesha, mpunga umeota.*
*Lala, baba analeta samaki.*

Akaimba mara mbili, yale yale. Kisha akanyamaza, akabaki kumtazama mtoto muda wote ule mrefu ambao Kazimili aliujaza. Chini hapakuandikwa chochote, kwa sababu hapakusemwa chochote. Irakoze alitoa mkono wake.

Hakutoka. Aliitazama hadi mwisho, labda neno blanketi lingetajwa mbele. Halikutajwa. Nje jua la saa tisa lilikuwa kali na watu walikuwa wakinunua soda.

"Hakusema kitu," alisema Irakoze.

"Mayu, nisikilize..."

"Usiniite mayu. Hakusema kitu, Kazimili. Ni wewe."

"Nilifanya kwa kukupenda! Sijawahi kutafsiri vizuri vile. Watu walilia mpaka Murukulazo. Walikulilia wewe bila kukujua."

"Walinijua vizuri sana."

"Ningekwambia ukweli siku ile ungeniacha."

"Ningekuacha wiki moja. Ningelia, ningekutukana, ningerudi. Nilikupenda kiasi hicho. Lakini uliniacha niende kwa mama yangu, Kazimili. Uliniacha nishike rozari yake. Ulijua nakwenda kuapa?"

Kazimili alitazama viatu vyake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanisindikiza mpaka kwenye gari. Ukaninunulia maji ya njiani."

Alivua pete. Haikutaka kutoka, ikabidi akilambe kidole mbele za watu, na hilo lilimuumiza zaidi, kuonekana akihangaika na pete kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Kazimili hakuipokea. Irakoze aliiweka juu ya kreti ya soda, akapanda gari la Ngara peke yake, akiwa na gauni lake la maziwa.

Simu ililia njia nzima. Aliizima.

Kesho yake asubuhi alikuwa Rulenge. Aliamua kwamba mtoto atasikia kwake, kwa mdomo wake, kabla hajasikia kwa spika ya mtu. Mama yake alikuwa jikoni. Iteka alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka, anapukuchua maharage kwenye ungo.

Irakoze alikaa karibu naye. Alipukuchua matatu, manne.

"Iteka, nina jambo nataka kukwambia. Ni gumu kidogo."

"Najua," alisema Iteka.

"Unajua nini?"

"La kwenye muvi. Kwamba ni wewe." Hakuinua macho. "Shuleni waliniambia. Tangu Pasaka."

"Miezi yote hii? Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilimuuliza mama. Akasema ni uongo, hata wewe umeshika rozari yake ukaapa." Iteka alipuliza maganda kwenye ungo. "Nikajua hutaki niwe wako."

Akanyanyuka na ungo wake, akaenda nao jikoni. Irakoze alibaki mkekani. Alitaka kumkimbilia, alitaka kupiga ukelele kwamba hakuapia hivyo, kwamba aliapia kitu kingine, lakini alipojaribu kuyapanga maneno hayo aliona hakuna mtoto duniani wa kuyaelewa. Aliumia kuliko siku ile ya Keza alipomkabidhi akiwa amefungwa kwenye kanga.

Ndani vyombo viligongana. Kisha sauti ya mtoto ikaita, ya kawaida kabisa:

"Dada! Mama anasema uje ule."

"Naja," aliitika Irakoze.